HABARI ZA UDONGO WETU
Jinsi nchi ya Machakos ilivyoharibika, na jinsi ilivyoponywa



Katika kitabu cha taarifa ya mwaka wanachama wamezoea kusoma majina ya wenye vyeo, hesabu ya michango, na orodha ya misaada waliyopewa wagonjwa, wajane na watoto wa shule. Mambo hayo yote yamo katika kurasa za kitabu hiki. Lakini mwaka huu tumeona yafaa kuongeza habari ya jambo moja lisiloandikwa katika daftari la mweka hazina, nalo ni udongo wa nyumbani.

Sababu yenyewe ni hii. Katika Mkutano Mkuu ujao litaletwa shauri la kutenga sehemu ya fedha za chama kwa ajili ya kutengeneza matuta yaliyobomoka na kuziba makorongo. Baadhi ya wazee wameuliza, tena kwa haki kabisa: chama kilichoundwa ili kusaidia wagonjwa na kuzika wafu kina kazi gani na mitaro ya shambani? Hatukupenda kulijibu swali hilo kwa maneno matupu. Tumeona ni afadhali tueleze mambo yaliyopita, ili kila mwanachama apime mwenyewe kabla hajainua mkono wake.

NCHI ILIVYOHARIBIKA

Nchi ya Machakos, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, ni nchi ya vilima na mabonde. Juu kuna Mbooni, Iveti, Kangundo na Kilungu, penye mvua ya kutosha. Kuelekea kusini na mashariki nchi hushuka na kuwa kavu. Sehemu nyingi hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 1,000 kwa mwaka, nayo huja kwa misimu miwili, Machi mpaka Mei, na tena Oktoba mpaka Desemba. Taabu ya mvua hiyo si uchache wake peke yake. Huweza kukawia majuma mengi, kisha ikaanguka nyingi kwa siku chache tu juu ya ardhi iliyo tupu. Hapo matone huupiga udongo na kuziba vitundu vyake, hata uso wa nchi ukawa kama sakafu iliyosiribwa. Maji yasiyopata pa kuingia hutelemka, nayo hutelemka pamoja na udongo wa juu, ambao ndio chakula cha mimea.

Wazee wa kale walikuwa na dawa yao. Shamba likichoka waliliacha lipumzike, wakafyeka jingine. Malisho yakipungua, waliwapeleka ng'ombe Yatta au kwenye nyanda za Athi. Dawa hiyo ilihitaji nafasi, na nafasi ndiyo iliyoondolewa. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake Machakos mwaka 1889. Baadaye reli ikapita, na serikali ya kikoloni ikaweka mipaka. Vilima vya Mua na nyanda za malisho wakapewa walowezi, na Wakamba wakafungiwa katika maeneo yaliyoitwa rizavu. Njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899, ile iliyoitwa Ngomanisye, ilikuwa imekwisha kupunguza watu na mifugo. Waliobaki waliongezeka tena, lakini safari hii hawakuwa na mahali pa kuhamia.

Kadhalika plau ya kukokotwa na ng'ombe ilienea. Ilikuwa baraka kwa wengi, maana mtu aliweza kulima eka nyingi kuliko kwa jembe la mkono. Lakini mahali pasipokingwa, shamba kubwa lililo wazi lilikuwa mlango mkubwa wa maji. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni, makaa na kujengea. Mwishoni mwa miaka ya 1920, na tena katika miaka ya 1930, ukame ulikuja mara kwa mara, na nzige pamoja nao. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, mtaalamu wa serikali, aliandika taarifa ndefu juu ya rizavu ya Machakos, akieleza nchi iliyovuliwa majani na kupasuliwa na makorongo. Maafisa wengi waliamini kwamba nchi hiyo yaelekea kuwa jangwa.

Yafaa tuseme kweli. Maafisa hao hawakukosea waliposema kwamba nchi inaugua. Walikosea waliposema kwamba ugonjwa wote umeletwa na wingi wa ng'ombe na uzembe wa wakulima, wakaipita mipaka kana kwamba hawaioni. Tena walikosea katika dawa waliyoichagua.

AMRI YA KUPUNGUZA NG'OMBE, 1938

Dawa ya kwanza ilikuwa nguvu. Mwaka 1938 serikali iliamuru kwamba ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe. Waliohesabiwa kuwa wamezidi walitwaliwa, wakapigwa mnada kwa bei ya chini, na wengine wakanunuliwa na walowezi. Wakati ule ule kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilitaka ng'ombe wengi wa bei rahisi. Si ajabu basi kwamba watu hawakuamini waliposikia kuwa hayo yote yafanywa kwa faida yao.

Tukumbuke ng'ombe alikuwa nani kwa mzee wa siku zile. Alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana, samadi ya shamba, nguvu ya kukokota plau, na akiba ya siku ya njaa. Kumtwaa ng'ombe huyo kwa bei ya mnada kulikuwa sawa na kuvunja sanduku la akiba la mtu na kumwambia kwamba amesaidiwa.

Ndipo Samuel Muindi Mbingu na wenzake walipounda chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai mwaka 1938 maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, wakitaka kumwona Gavana. Hawakushika silaha. Walikaa tu, wakala walichochangiana, wakangoja. Mwezi wa Agosti Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, alikwenda Machakos kuhutubia baraza. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutwaa ng'ombe kwa nguvu.

Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa wengine husimulia habari ile kana kwamba Wakamba walikataa kuokoa udongo wao. Walichokikataa ni kunyang'anywa. Hata hivyo hatuna budi kuongeza neno moja ambalo husahauliwa katika sherehe: ushindi ule, ingawa ulikuwa wa haki, haukuziba korongo hata moja. Mvua iliponyesha tena, udongo ukaenda na maji kama kwanza.

MATUTA YA AMRI

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilirudi na mpango mwingine. Kuanzia mwaka 1946 fedha nyingi zilitengwa kwa ajili ya maeneo ya Waafrika, chini ya bodi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la ALDEV. Palichimbwa mabwawa, maeneo mengine yakafungwa ili majani yaote tena, na vichaka vyenye mbung'o vikafyekwa huko Makueni ili watu wapate kuhamia. Kazi iliyowagusa watu wote ilikuwa ile ya matuta. Machifu waliwaita wanakijiji kwa siku zilizowekwa, na asiyefika alitozwa faini.

Matuta mengi ya siku zile yalikuwa membamba. Watu walichimba mtaro na kuutupa udongo upande wa chini, kwa kuwa ndiyo kazi iliyo nyepesi na ya haraka, na afisa alitaka kuhesabu maili nyingi za matuta katika taarifa yake. Lakini mitaro ile ilijaa mchanga upesi. Mvua kubwa ikija, maji yaliruka juu ya kingo na kuzivunja, na mahali palipovunjika pakawa mwanzo wa korongo jipya. Mwenye shamba hakuona sababu ya kutengeneza kitu ambacho hakukichagua wala hakikumwongezea debe la mahindi. Aliyelazimishwa kuchimba hakulazimika kupenda.

Wala jambo hili halikuwa la Machakos peke yake. Huko Murang'a mwaka 1947 watu walikataa kazi ya matuta ya amri, na wanawake, ambao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kazi yenyewe, walikuwa mstari wa mbele katika kukataa. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Uluguru nchini Tanganyika, mpango wa namna hiyo ulileta ghasia mwaka 1955, ukaachwa. Kule palikuwa na sababu nyingine tena: katika kuchimba ngazi, udongo wa rutuba ulifukiwa na udongo mbaya wa chini ukafunuliwa, na mazao yakapungua. Mkulima wa Uluguru aliona kwa macho yake kwamba jasho lake lamletea njaa. Basi amri inaweza kushindwa kwa namna mbili: kwa kumdharau mtu, na kwa kutoujua udongo wake.

MATUTA YA HIARI

Mabadiliko ya kweli yalikuja pale mambo matatu yalipokutana: njia bora ya kuchimba, faida iliyoonekana, na watu kufanya kazi pamoja kwa kupenda kwao.

Njia yenyewe sasa yajulikana mbali. Kwanza mistari hupimwa kwa uzi uliofungwa katika miti miwili, na pima maji katikati, ili mtaro ufuate usawa wa kilima na usipande wala kushuka. Kisha huchimbwa mtaro wa upana wa sentimita 60 hivi na kina kama hicho, na udongo wake hutupwa upande wa juu, pakaachwa nafasi ndogo ili usirudi ndani. Mvua inyeshapo, ukingo ule huzuia maji na udongo uliochukuliwa kutoka juu. Msimu kwa msimu udongo hujikusanya nyuma ya ukingo, mpaka baada ya miaka michache mteremko umekuwa ngazi za mashamba yaliyo karibu kuwa sawa. Juu ya ukingo hupandwa majani ya kulishia ng'ombe, ambayo mizizi yake huushika udongo. Na ndani ya mtaro, palipo na unyevu, watu hupanda ndizi na mipapai. Juu ya shamba lote huchimbwa mfereji mkubwa wa kukinga maji yatokayo kilimani au barabarani, yaongozwe mahali penye majani yasipolete madhara.

Kwa kuwa udongo hutupwa juu, watu waliiita njia hiyo «fanya juu», na ile ya kutupa udongo chini wakaiita «fanya chini». Wataalamu wa nchi nyingi huyaandika maneno hayo katika vitabu vyao kama yalivyo, bila kuyafasiri. Ni heshima kwa lugha yetu na kwa watu waliochimba.

Kutupa udongo juu ni kazi ngumu kuliko kuutupa chini, kila aliyeshika sepetu ajua. Kwa nini basi watu walikubali kwa hiari kazi ngumu, hali walikuwa wamekataa iliyo nyepesi? Ni kwa sababu ya faida. Mwaka 1954, chini ya mpango ulioitwa kwa jina la Bwana Swynnerton, milango ilifunguliwa zaidi kwa Waafrika kulima kahawa, zao ambalo kwa miaka mingi walikuwa wamezuiliwa. Katika vilima vya Machakos mtu aliyetaka kupanda kahawa alitakiwa kwanza awe na matuta ya ngazi. Jirani aliona kwamba matuta yale hushika maji, na kwamba hata mahindi na maharagwe yaliyo kando ya kahawa yanakomaa mwaka ambao mengine yanakauka. Yeye naye akachimba, ingawa hakuwa na kahawa. Shamba la jirani lilifundisha watu wengi kuliko mabaraza.

Nguvu ya kufanyia kazi hiyo ilitoka katika desturi ya mwethya. Tangu zamani Mkamba aliyekuwa na kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kupalilia, aliwaita majirani, nao walikuja wakijua kwamba zamu yao itafika. Serikali ya kikoloni iliposhika jina hilo na kulitia katika amri, lilichukiwa. Watu walipoachiwa wachague wenyewe watakaofanya nao kazi, na viongozi wao, na shamba la kuanzia, lilipata tena nguvu zake. Wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, kwa kuwa waume wao walikuwa Nairobi, Mombasa na kwingineko wakitafuta mshahara. Haki yadai tuseme wazi kwamba sehemu kubwa ya matuta ya Ukambani yalichimbwa na mama zetu.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, palikuwa na miaka michache ya kulegea. Wengine waliona matuta ni alama ya ukoloni, wakayaacha. Lakini ardhi haikubadili tabia yake kwa sababu ya bendera, na watu wakarudi kazini wenyewe. Serikali ya Kenya nayo ilileta msaada. Tangu mwaka 1974 mpango wa kuhifadhi udongo ulisaidiwa na Uswidi, na mwaka 1978 ulianzishwa mpango wa maendeleo wa Wilaya ya Machakos uliogharimiwa na nchi za Ulaya. Misaada hiyo ilileta mafunzo na vyombo vya kazi; lakini nguvu nyingi, na fedha nyingi, zilitoka kwa wenye mashamba.

Matokeo yake yalichunguzwa na wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliotoa kitabu mwaka 1994. Walionyesha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 Machakos ilikuwa na watu 240,000 hivi, na mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Kwa hesabu ya maafisa wa zamani, nchi hiyo ingalipaswa kuwa imekufa. Badala yake mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti iliyopandwa na wenye mashamba ilikuwa imeongezeka, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda kiasi cha mara tatu.

Isidhaniwe kwamba wote walipona sawasawa. Wataalamu wengine wamesema, nasi twakubali, kwamba sehemu zilizo karibu na Nairobi na zenye mvua nzuri zilitangulia, na zile kavu za Makueni zikabaki nyuma. Tena aliyekuwa na mtu wa mshahara katika jamaa yake aliweza kununua plau, mbegu na miche, na kulipa vibarua wa kuchimba. Asiye na mtu alitegemea mikono yake tu. Twaomba wanachama waishike sana habari hii ya mshahara, maana tutairudia.

MAJI YALIYOFICHWA MCHANGANI

Udongo na maji ni ndugu. Huwezi kumlinda mmoja ukamwacha mwingine. Mito mingi ya Ukambani hutiririka kwa siku chache tu baada ya mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Wazee walijua tangu kale kwamba ukichimba mchanga huo utapata maji. Katika miaka ya 1950 mahandisi wa ALDEV walijenga kuta za mawe na saruji kukata mito ya namna hiyo, zikisimama juu ya mwamba. Mvua ikija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta mpaka ukajaa, na maji hukaa katikati ya chembe zake, yakifikia robo ya ujazo wote na hata zaidi. Jua haliwezi kuyanyonya yaliyo chini sana, mbu hawazai humo, na mchanga wenyewe huyachuja.

Hazina hii nayo ilikuzwa na wananchi. Mwaka 1978 kikundi cha Utooni kilianza kazi chini ya uongozi wa Joshua Mukusya, kikajulikana kwa matuta na mabwawa ya mchanga. Huko Kitui, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo. Mwanamke aliyekuwa akitembea saa nyingi kutafuta mtungi mmoja hupata maji karibu, na nguvu alizookoa hurudi shambani.

Lakini mchanga uliokuwa hazina umekuwa bidhaa. Malori huuchukua kwenda kujenga miji, na mto ulionyang'anywa mchanga hushuka kina, kingo zake huanguka, na visima vya jirani hukauka. Kaunti ya Makueni iliona hatari hiyo, ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Sheria ni jambo jema. Lakini historia tuliyoieleza yatuonya kwamba sheria isiyo na mlinzi kijijini ni karatasi tu.

TULIPO SASA

Wanachama wenzetu, urithi tulioupokea si ardhi tupu. Ni ardhi pamoja na kazi iliyofanywa juu yake kwa miaka mingi. Tuta si kama ukuta wa mawe usemao kazi imekwisha. Mtaro hujaa, ukingo hutobolewa na fuko na kukanyagwa na ng'ombe, majani hufa. Tuta lisilotazamwa kwa misimu michache hurudi kuwa hatari, kwa kuwa hukusanya maji mengi mahali pamoja, kisha huyaachilia kwa mkupuo.

Tena mashamba yamegawanywa. Eka alizochimba babu kwa mpango mmoja sasa zina wenyewe watano au sita, wengine wakiwa kijijini, wengine mijini. Mfereji wa kukinga maji uliokuwa juu ya shamba lote sasa ni wa mtu mmoja, ambaye huenda amejenga nyumba juu yake. Maji hayajui bikoni. Yaachwapo na mwenye shamba la juu, humwangukia aliye chini, naye aghalabu ni mjane au mzee.

Hali ya hewa nayo haitungoji. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka mapema mwaka 2023, sehemu kavu za Kenya zilipata misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023, na tena kati ya Machi na Mei 2024, mvua kubwa zikaleta mafuriko na vifo. Huo ndio ugonjwa ule ule wa zamani, kiu kisha gharika, nao umezidi ukali. Shamba lenye matuta mazima hushika sehemu ya gharika kwa ajili ya siku za kiu. Shamba lililo tupu hupata hasara mara mbili.

SHAURI TUNALOLILETA

Sasa twarudi kwa swali la wazee. Chama hiki huchangia mazishi, ada za shule na matibabu. Tukitazama maombi yaletwayo kwetu baada ya msimu mbaya, mengi yana asili moja: shamba halikutoa kitu. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, kwa kuwa hapakuwa na gunia la kuuza. Mama ameugua kwa sababu amekula mara moja kwa siku. Tukilipa ada na dawa bila kutazama shamba, tutalipa tena mwaka ujao. Kwa hiyo twaona kwamba kazi ya matuta haiko nje ya kusudi la chama. Iko kwenye shina lake.

Tena tumeona kwamba mshahara wa mjini ndio uliosaidia kuiponya Machakos. Wanachama wa leo ni wana na wajukuu wa watu waliopeleka fedha za plau na za vibarua kutoka Nairobi na Mombasa. Desturi hiyo haijafa, ila siku hizi fedha nyingi hupelekwa kujenga nyumba nzuri juu ya kilima, na chini yake shamba linakwenda mtoni.

Basi twaleta mbele ya Mkutano Mkuu mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama mwenye shamba nyumbani ahakikishe kwamba matuta yake yametengenezwa kabla ya mvua ya Oktoba, kwa mkono wake au kwa mtu atakayemlipa.

Pili, chama kitenge sehemu ya fedha zake kwa mashamba ya wajane, wazee na wagonjwa, itumike kununua sururu, sepetu na miche ya majani, na chakula cha siku ya kazi. Kazi yenyewe ifanywe na mwethya wa kijiji. Asilazimishwe mtu, wala asitozwe mtu faini. Tumekwisha kuona mwisho wa njia hiyo.

Tatu, jamaa wanaogawana urithi wakubaliane juu ya njia ya maji kabla ya kukubaliana juu ya mipaka, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya wazee.

Nne, mwanachama ye yote asiuze mchanga wa mto wa kijiji chake, wala asinunue mchanga ambao hajui ulikotoka.

Twajua kwamba fedha zetu ni kidogo na maombi ni mengi. Shilingi itakayonunua sepetu ni shilingi ambayo haitalipa jeneza, na hatusemi kwamba uchaguzi huo ni mwepesi. Twasema tu kwamba wazazi wetu walikuwa na kidogo kuliko sisi, tena walikuwa chini ya amri za watu wengine, na bado waliipokea nchi iliyokatiwa tamaa wakatuachia mashamba yanayolimika. Watakaotufuata nao watapokea mashamba hayo kama tutakavyoyaacha.

Shauri hili twaliacha mikononi mwa wazee na wanachama wote.